Kidole Gumba cha Mwalimu Chengo

Neema alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimelala chini ya lori hapa gerejini kwangu Junda. Aliniambia baba yake anastaafu, na kwamba Jumamosi watu wachache wanaalikwa nyumbani kwao Mtongwe kwa chakula cha mchana. "Baba amesema usipofika wewe, hakuna atakayeanza kula," alisema huku akicheka. "Anasema bila Fundi Kadzo asingefundisha hata nusu ya miaka aliyofundisha." Nikamwambia nitakuja, nikampa hongera za baba yake, nikakata simu. Kisha nikabaki chali palepale, nalitazama tumbo la lori bila kushika spana, mpaka mwenzangu akainama kuniuliza kama nimeumia. Sikuwa nimeumia. Nilikuwa naona aibu, na aibu yenyewe si ya Jumanne ile. Ina miaka kumi na saba. Kila mtu wa Mtongwe anaponisifu, huamka upya kama jino bovu lililoguswa na maji baridi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepanga chumba Bofu, chumba chenye dirisha moja lililofunguka upande wa choo cha jirani, na nilikuwa na cheti cha umeme wa magari nilichokihifadhi ndani ya Biblia ili kisikunjike. Gereji iliyonichukua ilikuwa ya Fundi Kombo, Likoni, mtu mnene, mpole wa maneno, aliyefunga kikoi hata siku za kazi nzito na kukipandisha magotini alipoinama kwenye injini. Nyuma ya gereji palikuwa na chumba cha mabati tulichokiita ofisi. Ndani mlikuwa na meza ya mbao iliyolowa mafuta mpaka ikawa nyeusi, benchi, birika, na rafu ya makopo yaliyojaa skrubu. Adhuhuri tulikula humo, wote kwenye sinia moja: wali wa nazi na maharagwe, siku nyingine muhogo na samaki, na Ijumaa Fundi Kombo alipotoka msikitini alikuja na pilau kutoka kwake. Nakumbuka harufu ya chumba kile kuliko ninavyokumbuka sura za wateja. Nakumbuka pia kwamba ukuta wa mabati haukuzuia neno. Siku yangu ya tatu nilimsikia Fundi Kombo akimwambia mteja nje, "Yule binti yuwajua, lakini mambo ya umeme sijampa bado. Nataka nimuone kwanza." Nilikuwa na tonge mkononi. Nililimeza, na tangu hapo sikutaka jambo lingine duniani ila kuonwa.

Ndipo akaja Mwalimu Chengo na kwadi yake. Kwadi ni hii pikipiki ya magurudumu manne mapana ambayo watalii huendesha mchangani. Ile yake aliachiwa na mgeni mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao, na Mwalimu hakuitumia kwa starehe. Miguu yake ilipooza akiwa mtoto mdogo. Alitembea kwa magongo hatua chache tu, na kabla ya kupata mashine ile alikuwa akisukumwa kwa mkokoteni kwenda shule, yeye mwalimu wa hesabu wa darasa la nane, na vitabu mapajani. Kwadi nyingi hubadilishwa gia kwa mguu. Yake ilikuwa ya umeme: upande wa kushoto wa usukani palikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kupandisha gia na kimoja cha kushusha. Ukibonyeza, kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti huiuliza sensa, kile kifaa kinachohisi gia, iko ya ngapi, halafu huiamuru mota iizungushe. Kwa hiyo kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho kilichomfanyia Mwalimu kazi ya mguu. Breki alizishika kwa mikono. Alitoka mlangoni kwake Mtongwe mwenyewe, akafika darasani mwenyewe, na watu wa njiani walimwamkia kama wanavyomwamkia mwenye gari.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia siku hiyo ya kwanza.

"Marahaba, binti. Wewe ndiwe utakayeitazama?"

Fundi Kombo alisimama mlangoni mwa ofisi, akatutazama sote wawili. "Ndiye," alisema. "Leo namwachia."

Tatizo lilikuwa hili: mara nyingine Mwalimu alibonyeza, kioo kidogo cha usukani kikaonyesha vistari viwili mahali pa namba ya gia, na gia ikakataa kuingia. Baada ya muda ikakubali. Nilianza mahali panapofaa kuanzia. Nikatazama fyuzi, zilikuwa nzima. Nikapima betri, ilikuwa na nguvu ikiwa imetulia, lakini Mwalimu alipobonyeza kitufe nguvu ile ilianguka ghafla. Vichwa vya betri vilikuwa vimelegea na kuota unga mweupe. Nikavisugua, nikavikaza, na kwadi ikabadilisha gia mara kumi mfululizo bila kusita. Nilikuwa nimemaliza. Ningesimama hapo, ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini Fundi Kombo alikuwa bado anatazama, nami niliona aibu kumaliza mapema hivyo, kana kwamba kazi nyepesi si kazi. Nikafungua plagi zote, moja baada ya nyingine, nikizipuliza na kuzipangusa. Plagi ya sensa iko chini, karibu na mahali pa kuwekea mguu wa kushoto, panaporuka tope na maji. Ndani yake mna mpira mwembamba wa mviringo unaozuia maji. Ulikuwa mkavu, ukachomoka, ukaanguka. Nikautafuta kidogo, sikuuona. Mwalimu alikuwa akitazama saa, ana kipindi cha alasiri. Nikaifunga plagi bila mpira. Ikalia ta! kama inavyolia ikifunga vizuri, nami nikajiambia haina shida.

Alasiri, nikifagia, niliuona mpira chini ya meza. Nikauokota. Kwa ukuta ule ule wa mabati nilimsikia Fundi Kombo akizungumza kwenye simu: "Binti ameiweza, wallahi. Mashine ya Mwalimu ameitengeneza mwenyewe." Niliuweka ule mpira ndani ya kopo la skrubu. Nilijiambia nitamfuata Mwalimu kesho. Kesho yake sikumfuata, wala keshokutwa, kwa sababu kumfuata kulitaka kwanza nimwambie Fundi Kombo kwa nini.

Masika yalianza baada ya wiki mbili hivi. Lango la shule ya Mwalimu lilikuwa juu ya kijilima, na asubuhi moja, mvua imenyesha na barabara imejaa madimbwi, kwadi ilikufa katikati ya mlima ule. Vistari viwili kwenye kioo. Haikupanda, haikushuka, haikurudi nyuma. Kuna njia ya kuizungusha gia kwa mkono kwa kutumia spana, lakini lazima ushuke chini na uiname, na yeye hakuweza. Wazazi wawili waliokuwa wamewaleta watoto wao walimwinua wakambeba mikononi mpaka ndani, mmoja mabegani na mmoja magotini, shati limemtoka kwenye suruali, na wanafunzi wake wakiwa wamepanga mstari wa asubuhi. Haya sikuyaona. Niliyasikia kwa dereva wa pikapu aliyeileta kwadi gerejini. Aliyasimulia akicheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyosimulia kitu cha ajabu alichokiona, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake na spana mkononi.

Kufikia saa sita jua lilikuwa kali na kwadi ilikuwa imekauka. Mwalimu aliletwa naye akaketi kwenye benchi letu, magongo kando, amevaa shati jingine. Fundi Kombo akabonyeza kitufe. Gia ikaingia. Akabonyeza tena. Ikaingia tena. Alijaribu mara nyingi, kisha akanigeukia.

"Kadzo, wasemaje? Plagi zote uliziangalia?"

Nataka niandike wazi hapa, kwa kuwa nimekaa miaka mingi nikijipunguzia lawama. Si kwamba sikujua. Nilijua kabisa. Kopo la skrubu lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, hatua nne. Ningesema, "Mpira wa plagi ulianguka sikuurudisha," Fundi Kombo angenigombeza siku moja, labda wiki, na yangeisha. Badala yake nilimtazama Mwalimu mkononi na nikasema, "Mashine ni nzima. Nafikiri ni namna anavyobonyeza. Kidole kinakawia, hakifiki mwisho. Kompyuta ikipata amri nusu nusu, inachanganyikiwa."

Hakuna kitu kama hicho. Niliyatunga pale pale, na yakatoka mdomoni kama nimeyasoma kitabuni.

Fundi Kombo alifikiri, akaitikia kwa kichwa polepole. "Yawezekana," alisema. Alikuwa mtu wa injini, mambo ya kompyuta alituachia sisi tuliotoka chuoni. Mwalimu aliuinua mkono wake wa kushoto, akakikunja na kukinyoosha kidole gumba, akakitazama kama anayetazama daftari la mwanafunzi ambalo hakutegemea kulikuta na makosa. Kisha akaniambia, "Basi niwie radhi, binti. Nimekulaumu moyoni tangu asubuhi. Nitajifunza kubonyeza vizuri."

Mtu yule aliniomba radhi mimi. Kila nikifika hapo katika kukumbuka, huinuka nikatafuta kazi ya kufanya.

Mvua iliendelea, na kwadi iliendelea kukataa siku za maji na kukubali siku za jua. Mwalimu hakuirudisha tena gerejini, maana aliamini kosa ni lake. Nilipata habari zake chumbani kwetu wakati wa kula, kwa wateja na majirani waliopita kusalimu. Mwalimu amenunua mpira mdogo, anaufinya kwa mkono wa kushoto hata akiwa kanisani. Mwalimu anabonyeza kitufe jioni uani, mkewe akimhesabia. Mwalimu amerudi kusukumwa kwa mkokoteni siku za mvua. Na siku moja Fundi Kombo, akichambua mifupa ya samaki, alisema, "Nasikia wataka kumfanya mwalimu mkuu, ile shule yao. Yuwastahiki. Mtu ana akili yule." Tukakubali wote kwamba anastahiki. Mimi nilikubali kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Nilivumilia hadi mwezi wa sita. Jumapili moja baada ya ibada nilichukua mpira mpya, kitambaa na grisi, nikaenda Mtongwe bila kumwambia mtu. Mama Neema, mke wa Mwalimu, alinipokea kwa furaha iliyonichoma. "Karibu, Fundi! Hata Jumapili wewe hupumziki?" Neema alikuwa mtoto wa miaka sita, akining'inia kwenye kanga ya mamake. Niliinama kando ya kwadi uani, nikafungua plagi ya sensa, na ndani yake meno ya shaba yalikuwa yameota ukijani. Niliyasugua, nikayakausha, nikatia mpira mpya na grisi, nikaifunga. Sidhani dakika kumi zilipita. Nikachukua ndoo ya maji nikaimwagia yote plagi ile, nikawasha, nikabonyeza. Moja, mbili, tatu, fri yaani gia huru, kisha rivasi. Namba zilikuja zote.

Mama Neema alikuwa ameniandalia chakula sebuleni: sima, mboga ya mchunga iliyopikwa kwa nazi, na kipande kikubwa cha samaki. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo na safi, viti vina vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na mlango wa chumba cha ndani ulikuwa pazia tu. Aliingia ndani kumwita mumewe, na nikawasikia.

"Kadzo amemaliza. Njoo ule na mgeni."

"Nakuja. Mama Neema, ile barua nimeipeleka juzi."

"Barua gani?"

"Ya ofisi ya elimu. Nimewaambia wamtafute mwingine awe mkuu."

Sauti ya Mama Neema ikashuka: "Baba Neema, kwa sababu ya kidole?"

"Leo kidole, kesho mkono. Miguu nayo ilianza hivyo hivyo, mama aliniambia. Mwalimu mkuu huitwa huku na huku kila siku. Sitaki wanipe kazi kisha nibebwe tena mbele ya watoto."

Mama Neema alianza kulia, kwa namna ya mtu anayejua kuna mgeni sebuleni. Nilikuwa na tonge la sima mkononi, nimeshalichovya. Juzi, alisema. Barua ya juzi bado inaweza kufuatwa. Mtu akiinuka sasa hivi, akapiga hodi kwenye pazia, akasema maneno matano, kesho asubuhi Mwalimu anakwenda ofisini kuirudisha. Nilihesabu hayo yote kwa utulivu kabisa, nami nikalitia tonge mdomoni.

Mwalimu alitoka kwa magongo, akaketi mbele yangu, akanitazama kwa macho ya mtu asiyetaka kutumaini sana. "Haya, binti. Umeona nini?"

Na mimi, niliyekuwa nimepewa nafasi ya pili nzima, nilimjibu, "Nimekilainisha kitufe kidogo, Mwalimu. Sasa hata ukibonyeza kwa nguvu kidogo kitakubali. Hakitakusumbua."

Yaani sikuificha dhambi tu. Niliigeuza ikawa fadhila. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na yeye na mkewe wakanishukuru, na Jumapili iliyofuata akasimama kanisani kwa magongo kutoa shukrani kwa ajili ya "binti yetu aliyeutazama udhaifu wangu akautafutia njia." Watu walipiga makofi. Wiki hiyo hiyo Fundi Kombo alinikabidhi kazi zote za umeme, na kwa jina hilo nilipata wateja, na kwa wateja hao nikaja kufungua gereji hii ya Junda. Uchunguzi wa mashine ni kazi ya kumwamini mtu anayekuambia kinachomsumbua. Nimewafundisha hivyo vijana wengi, na kila mara nikisema hivyo huwa nasikia sauti yangu ile ikisema kidole kinakawia.

Jumamosi nilikwenda. Nilivaa gauni la kanisani, nikanunua keki, nikafika mapema kuliko wageni wote kisha nikazunguka nje mpaka wengine wafike. Watu walikuwa kama ishirini uani, chini ya turubai. Mwalimu amezeeka, nywele nyeupe, ila mikono yake ni ileile, minene na yenye nguvu, mikono ya mtu aliyebeba mwili wake kwayo maisha yote. Alikuwa mwalimu wa kawaida mpaka siku ya mwisho. Wakuu watano walipita juu yake. Aliposimama kuzungumza alimtaja mkewe, wanafunzi wake, kisha akanitaja mimi.

"Wakati ule nilidhani na mkono unaniacha," aliwaambia wageni. "Nilikwenda kwa madaktari, hawakuona kitu, lakini mimi nilijua. Huyu dada alinitengenezea kitufe laini, na kwa rehema ya Mungu ugonjwa haukuendelea."

Wakapiga makofi kama wale wa kanisani. Nikainuka. Sikuwa nimepanga, au labda nilipanga tangu Jumanne na sikutaka kujiambia. "Mwalimu," nilisema, "hukuwa na ugonjwa wowote. Mkono wako ulikuwa mzima."

Nikasema yote. Mpira ulioanguka, kopo la skrubu, maneno niliyoyatunga mbele ya Fundi Kombo. Nilisema sikulainisha kitufe chochote, nilirudisha kitu nilichokiharibu. Nilisikia sauti yangu ikiwa nyembamba na ikienda mbio. Mama Neema aliuacha upawa ndani ya sufuria. Neema alikuwa akinitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Mwalimu aliketi, akayalaza magongo kando. Kisha akauliza, kwa sauti ya darasani, anapotaka mwanafunzi aonyeshe njia na si jibu tu, "Na siku ile ulipokuja hapa. Mimi na Mama Neema tulizungumza kule ndani. Habari za barua. Ulisikia?"

"Nilisikia, Mwalimu."

"Ukiwa unakula."

"Nikiwa nakula."

Akaitikia kwa kichwa. Mmoja wa wageni, mzee wa kanisa, alianza kusema kwamba yamepita, kwamba leo ni siku ya furaha, tusameheane. Mwalimu aliinua mkono kumnyamazisha.

"Siwezi kukwambia si neno, Kadzo," alisema. "Ni neno. Tena ni kubwa, na sijui nitalifanyia nini katika umri huu." Alinitazama muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza sikuyakwepa macho yake. "Kaa chini. Mama Neema, wape watu chakula."

Nilitamani kuondoka, lakini sikuambiwa niondoke, niliambiwa nikae. Nikakaa. Mama Neema alipita akipakua, mgeni baada ya mgeni. Alipofika kwangu aliijaza sahani sawasawa na za wengine, wali, nyama, kachumbari pembeni, akaiweka mbele yangu bila kunitazama usoni. Nikanawa mikono, nikala mbele yao wote, mpaka sahani ikaisha.